Umenunua gari la kupelekea mizigo? Soma hili kabla hujalipia bima



Leo tuongee bima ya gari. Najua wengi wetu tukisikia neno bima tunawaza kitu kimoja tu: trafiki akisimamisha, asikukute huna. Kwa hiyo unamtafuta wakala, unauliza "ya bei rahisi ni shilingi ngapi?", unalipa, unasahau mpaka mwakani.

Kwa mwenye gari la kwendea kanisani na msibani, labda hilo linatosha. Lakini kwa sisi tunaouza mtandaoni na kupeleka mzigo wenyewe, gari ni sehemu ya duka. Likisimama wiki mbili, oda zinasimama wiki mbili. Mteja wa mtandaoni hana subira, ukimwambia "gari limepata ajali" anakupa pole, halafu jioni anaagiza kwa mwingine.

Mimi nauza vyombo vya jikoni. Mzigo nachukua Kariakoo, oda napokea WhatsApp na Instagram. Miaka yote nilikuwa natumia bodaboda kwa oda za mjini na mabasi kwa za mkoani. Mwezi uliopita nimenunua Toyota Probox, imetoka Japani, TSh 16,000,000 mpaka inafika mkononi. Katika hizo, milioni 10 ni akiba yangu na milioni 6 ni mkopo wa kikoba. Maana yake gari likiisha leo, deni la kikoba halimalizwi na pole za watu. Marejesho yako palepale.

Ndiyo maana kabla sijaliingiza kazini nilitumia wiki nzima kuuliza: ofisi tatu za bima na mawakala wawili. Nakuandikia nilichokipata na jinsi nilivyoamua, ili na wewe ukifika kwa wakala ujue unauliza nini.

Kama huna muda wa kusoma yote, beba hili moja: bima ya gari la biashara chagua kwa kuangalia kazi ambayo gari linafanya na hasara ambayo huwezi kuibeba. Bei ya stika iangalie mwisho.

Sasa twende taratibu.

1. Zijue bima zenyewe kwanza

Mtaani tuna majina mawili: bima ndogo na bima kubwa. Katikati kuna nyingine ambayo watu wengi hawaijui.

*Bima ndogo.* Hii ndiyo ya lazima kisheria. Hapa Tanzania, Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza kuendesha gari barabarani bila bima ya kuwakinga watu wengine. Ukimgonga mtu, akaumia au akafariki, kampuni inasimama kulipa fidia. Kwa kawaida inalipa pia mali ya mtu uliyoiharibu, gari lake au ukuta wake, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Gari lako mwenyewe? Hapo haihusiki kabisa. Bampa, taa, injini, vyote ni juu yako.

Kwa gari binafsi la kawaida wengi tunaijua ile 118,000, yaani 100,000 pamoja na VAT ya 18%. Gari la biashara lina bei yake kulingana na aina na kazi, kwa hiyo usiende na 118,000 mkononi ukidhani umemaliza.

*Bima ya kati.* Hii ni bima ndogo iliyoongezewa mambo mawili: gari lako likiungua moto au likiibiwa, unalipwa. Ukigonga nguzo, hulipwi. Mawakala wengi hawaitaji mpaka uulize, na siyo kila kampuni inaisukuma. Uliza.

*Bima kubwa.* Hii inabeba yote hayo, na inaongeza uharibifu wa gari lako mwenyewe kwa ajali, hata kama kosa ni lako. Bei yake ni asilimia ya thamani ya gari, halafu VAT juu yake.

Hesabu yangu ilikuja hivi, kwa gari la milioni 16:

- Bima kubwa, gari la binafsi: niliandikiwa 3.5%. Hiyo ni 560,000. Ongeza VAT 100,800. Jumla 660,800.
- Bima kubwa, gari la kubeba bidhaa zangu mwenyewe: niliandikiwa 4.25%. Hiyo ni 680,000. Ongeza VAT 122,400. Jumla 802,400.

Bei zinabadilika na kila gari lina hesabu yake, kwa hiyo chukua njia ya kukokotoa na uombe asilimia ya siku hiyo. Ila iangalie vizuri hiyo tofauti ya 141,600 kati ya mstari wa kwanza na wa pili. Hapo ndo penye mtego.

2. Mtego wa neno "binafsi"

Wakala mmoja aliniambia hivi, tena kwa nia njema kabisa: "Dada yangu, andika binafsi tu. Probox hii nani atajua unabebea masufuria? Utaokoa hela."

Nikamuuliza: "Nikipata ajali nimejaza masufuria nyuma, nitasema nilikuwa naenda pikiniki?"

Akacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu kuna mwenzetu anauza mashuka yaliyemkuta nayajua. Gari lake lilikuwa na bima kubwa kabisa, imelipiwa, haijaisha muda. Alipata ajali njiani akipeleka oda. Mkaguzi wa kampuni alipofika akakuta vifurushi, kila kimoja kina jina la mteja na namba ya simu. Mkataba unasema matumizi ni binafsi. Madai yakakataliwa. Kampuni ilisema kwa maandishi kwamba gari lilikuwa linafanya kazi ambayo haikuandikishwa.

Unaona ilivyo? Alilipa bima kubwa, na siku ya shida alikuwa sawa na mtu mwenye bima ndogo.

Bima inasimama juu ya ukweli uliousema siku ya kujaza fomu. Kampuni inapanga bei kwa kuangalia hatari. Gari linalokwenda kazini asubuhi na kurudi jioni haliko barabarani sawa na gari linalozunguka Mbezi, Tegeta, Mbagala na Kigamboni siku nzima. Ukificha kazi ya gari, unaipa kampuni sababu ya kukukatalia siku unayoihitaji.

Kwa hiyo jiulize gari lako liko kundi gani:

- Binafsi: kwenda na kurudi, familia, shughuli zako za kawaida.
- Biashara, bidhaa zako mwenyewe: unapeleka unachouza wewe. Wengi wetu tuko hapa.
- Kubeba mizigo ya watu kwa malipo: wenzako wanakulipa uwapelekee. Hata kama ni mara mbili kwa wiki, hiyo ni kazi nyingine.
- Kubeba abiria kwa malipo: pamoja na kuliingiza gari kwenye programu za usafiri jioni ukishamaliza oda zako. Nayo ina bima yake.

Kama unafanya mawili, sema mawili. Angalia pia kadi ya gari imeandikwa matumizi gani. Kadi ikisema hivi na bima ikisema vile, huo ni mlango wa ubishi, ufunge mapema.

Mimi 141,600 niliigawa kwa siku 365, nikapata kama 388 kwa siku. Kwa pesa hiyo sipati hata chai na chapati. Nikaandika biashara.

3. Ndogo au kubwa? Maswali manne niliyojiuliza

Sitakwambia kila mtu anunue bima kubwa. Kuna mtu inamfaa, kuna mtu itamla hela bure. Jiulize:

*Swali la kwanza: gari likiisha kabisa leo, naweza kununua jingine bila kugusa mtaji wa bidhaa?* Kwangu jibu lilikuwa hapana, tena hapana kubwa. Ningelazimika kuuza stoo yote, na bado ningebaki na deni la kikoba.

*Swali la pili: gari nimelinunua kwa hela ya nani?* Ukikopa benki au kwenye taasisi ya mikopo kwa dhamana ya gari, mara nyingi watakutaka ukate bima kubwa na jina lao liingie kwenye mkataba. Ukikopa kikoba au kwa ndugu, hakuna anayekulazimisha. Lakini deni ni deni, na la ndugu ndilo baya zaidi kulikwepa.

*Swali la tatu: gari lina thamani gani?* Gari la milioni 4 au 5 lenye umri mrefu, unaweza kulipia bima kubwa miaka kadhaa ukajikuta umelipa sehemu kubwa ya bei yake. Halafu baadhi ya kampuni hazitoi bima kubwa kwa gari lililopita umri fulani. Sisi tunaonunua magari yaliyotumika Japani tuulize mapema, maana mwaka wa kuingia nchini na mwaka wa kutengenezwa ni vitu viwili.

*Swali la nne: likikaa gereji wiki tatu, biashara itaendaje?* Kama ukirudi kwenye bodaboda maisha yanasonga, una nafuu. Kama bidhaa zako ni makochi na meza, huna pa kukimbilia.

Ukijibu hayo, picha inajichora yenyewe. Gari la bei ndogo, huna deni, akiba unayo: bima ndogo inaweza kukutosha, lakini ile hela uliyookoa iweke pembeni kila mwezi kwa ajili ya gari. Usipoiweka, umejidanganya. Gari ndilo akiba yako yote au lina deni nyuma yake: kata bima kubwa, hata kama inauma. Ukiwa katikati, na hofu yako ni wizi kuliko ajali, ulizia ile ya kati.

Mimi nilichukua bima kubwa ya biashara.

4. Iingize kwenye bei, usiilipe kwa machozi

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi tunakwama. 802,400 ukiitazama kwa pamoja inatisha. Igawe.

Napeleka oda 6 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni oda 156 kwa mwezi, 1,872 kwa mwaka. 802,400 gawa kwa 1,872 ni kama 429 kwa kila oda.

Kwa hiyo kwenye bei ya kupeleka mzigo nimeongeza 500. Mteja hajalalamika hata mmoja. Kila Jumamosi jioni nahesabu oda za wiki, natoa 500 kwa kila moja, naweka kwenye kibubu cha simu kilichoandikwa "BIMA". Mwakani siku ya kulipa ikifika, hela ipo.

Fanya hesabu yako kwa oda zako. Ukiona kila oda inabeba 3,000 ya bima, basi labda bado hujafika wakati wa kuwa na gari. Endelea na boda, kuza oda kwanza.

5. Thamani ya gari: usipunguze, usiongeze

Kwa sababu bima kubwa inakwenda kwa asilimia, kuna kishawishi cha kuandika thamani ndogo ili ulipe kidogo. Angalia kinachoweza kutokea.

Gari la thamani ya milioni 16 umeliandikisha milioni 8. Unapata ajali, matengenezo milioni 3. Mikataba mingi ya bima ina kipengele kinachosema ukiandikisha nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Badala ya milioni 3 unapata milioni 1.5, na hapo bado hujakatwa sehemu yako. Likiisha kabisa, hutapata zaidi ya milioni 8.

Na ukiandika milioni 25 kwa tamaa? Likiisha kabisa, kampuni inaangalia thamani ya gari sokoni siku ya ajali. Utalipwa thamani hiyo, na ada ya zile milioni za juu umeitoa bure.

Andika thamani halisi, na kila mwaka ukikata upya iangalie tena, maana gari linashuka bei. Weka risiti, nyaraka za ushuru, na picha za gari ndani na nje. Kampuni ikitaka mthamini alione gari, mpeleke.

6. Mambo ya kuuliza kabla hujalipa

Nilikuwa na karatasi yangu. Kila ofisi nilirudia maswali yaleyale, kwa sababu bei mbili zinazofanana zinaweza kuwa na mikataba miwili tofauti kabisa.

*"Sehemu ninayobeba mwenyewe ni kiasi gani?"* Bima kubwa hailipi kila shilingi. Mfano mkataba ukisema mteja anabeba 10% ya madai, na isipungue 300,000. Matengenezo yakiwa 1,500,000, asilimia 10 ni 150,000, lakini kwa sababu kiwango cha chini ni 300,000, unatoa 300,000 na kampuni inatoa 1,200,000. Matengenezo yakiwa 280,000, unalipa yote mwenyewe. Ofisi yenye ada ndogo mara nyingine ndiyo yenye sehemu kubwa ya kubeba. Uliza zote mbili kwa pamoja.

*"Mafuriko yamo?"* Kwa anayepita Jangwani kipindi cha masika, hili siyo swali la kupoteza muda. Waonyeshe kwenye mkataba lilipoandikwa.

*"Kioo cha mbele, redio na saitimira?"* Mara nyingi vina kiwango chao, au vinaongezewa hela kidogo.

*"Nani anaruhusiwa kuendesha?"* Mdogo wangu ananisaidia Jumamosi. Nilimtaja, nikapeleka nakala ya leseni yake. Anayeendesha awe na leseni hai yenye daraja linaloendana na gari. Leseni iliyoisha muda inaweza kuua madai yote. Na pombe, hilo hata sina haja ya kulieleza.

*"Nisipodai mwaka mzima, napata punguzo?"* Kampuni nyingi zinatoa. Ndiyo maana mkwaruzo wa 350,000 wakati mwingine ni bora ulipe mwenyewe ulinde punguzo lako.

*"Mnalipa kwa gereji gani, na inachukua muda gani?"* Kwetu sisi muda ni mauzo.

7. Masufuria yaliyo ndani ya gari hayana bima

Hili liliwashangaza hata wenzangu wa kikoba. Bima ya gari, hata kubwa, inahusu gari. Mzigo ulio ndani ni habari nyingine. Gari likipinduka na seti kumi za vyombo, gari litalipwa, vyombo ni hasara yako. Na mteja aliyeshalipia bado anakudai.

Kuna bima ya mizigo iliyo njiani. Unaweza kukata kwa mwaka au kwa safari. Kama unabeba simu, laptopu au vitenge vya mamilioni, iulizie siku hiyohiyo unayokata ya gari.

Mimi nilipiga hesabu ya mzigo wangu. Siku ya kawaida nabeba vyombo vya 600,000 hadi 800,000. Hasara hiyo ingeuma lakini isingenifunga. Kwa hiyo mwaka huu sijakata bima ya mizigo, ila nimejiwekea sheria: safari moja haizidi bidhaa za 1,000,000. Mzigo mkubwa naugawa safari mbili. Biashara ikikua, nitalirudia swali hili.

8. Kulipa na kuhakiki

Kwa utaratibu wetu, bima haianzi mpaka ada ilipwe. Maneno ya "nitakuwekea, utanilipa mwisho wa mwezi" yasikulaze usingizi. Gari halijalipiwa, halina bima.

Lipia kwa kampuni yenyewe, siyo namba binafsi ya mtu. Dai risiti. Halafu ingia kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, uweke namba ya gari. Siku hizi stika ni za kielektroniki, kwa hiyo karatasi nzuri yenye rangi haimaanishi kitu kama gari halionekani kwenye mfumo.

Ukiliona, usiishie kufurahi. Soma:

- Namba ya gari na ya chasisi ni zenyewe?
- Aina ya bima ni uliyolipia, au umewekewa ndogo?
- Matumizi yameandikwa biashara au binafsi?
- Inaanza lini, inaisha lini?
- Jina ni lako?

Hilo la jina ni kwa ninyi mnaonunua gari kwa mtu hapahapa nchini. Usijifariji kwamba "lina bima mpaka Desemba". Bima ile ni mkataba wa kampuni na aliyekuuzia, haihamii kwako kwa sababu tu umekabidhiwa funguo. Badilisha umiliki TRA, na kampuni iambiwe au ukate yako mpya.

9. Siku ikitokea

Hakuna anayeiomba, ila ijue.

Simama. Angalia watu kwanza, magari baadaye. Piga picha kabla hamjasogeza chochote: namba za magari, barabara, uharibifu. Mwite trafiki, maana madai yatahitaji ripoti ya polisi. Ipigie kampuni siku hiyohiyo. Mikataba ina muda wa kutoa taarifa, na kuchelewa kunaleta maneno.

Usimwahidi mtu pale barabarani kwamba utamlipa, na usiandikiane karatasi ya makubaliano kabla kampuni haijajua. Pia usipeleke gari kwa fundi wako likaanza kunyooshwa kabla mkaguzi hajaliona.

Ukiona madai yanazungushwa, andika barua kwa kampuni na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wasipokujibu vizuri, kuna TIRA, na kuna Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima ambayo imewekwa kwa ajili ya kusikiliza wateja kama mimi na wewe. Wenye karatasi zao mkononi wanasikilizwa haraka.

Kwa kifupi

1. Sema kazi halisi ya gari.
2. Pima hasara usiyoweza kuibeba, ndipo uchague ndogo, ya kati au kubwa.
3. Andika thamani ya kweli.
4. Uliza sehemu utakayobeba mwenyewe.
5. Kumbuka mzigo wa ndani ni bima nyingine.
6. Lipa kwa kampuni, hakiki TIRA-MIS, soma kila mstari.
7. Igawe ada kwa idadi ya oda, iingie kwenye bei ya kupeleka.

Hifadhi andiko hili, na mtumie yule mwenzako anayesubiri gari lake litoke bandarini. Kama unalo tayari, ingia TIRA-MIS sasa hivi, weka namba ya gari lako, angalia neno lililoandikwa kwenye matumizi. Kama ni binafsi na nyuma umepakia oda za watu, kesho asubuhi kabla hujawasha gari wapigie kampuni yako uwaulize ni kiasi gani cha kuongeza ili irekebishwe.

Njoo utuambie kwenye komenti umekuta nini. Biashara njema.